Sime ya Babu na Upanga wa Mbao

Askari alifungua begi langu akatoa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa bokuto, upanga wa mbao wa Kijapani tunaoutumia mazoezini. Wangu haujawahi kuiona Japani. Ulichongwa kwa mkaratusi na fundi wa fanicha hapa Kitengela, akifuata picha niliyomwonyesha kwenye simu. Cha pili kilikuwa kimeviringishwa ndani ya shuka kuukuu: sime ya babu yangu mzaa mama, ndani ya ala yake nyekundu iliyopauka.

"Hii ni ya nini?" aliuliza, akiupima ule wa mbao mkononi.

"Ya mazoezi, afande. Kama karate hivi."

"Aaah, Bruce Lee!" Akacheka, akaurudisha begini yeye mwenyewe. Kisha akaichomoa sime nusu, akaitazama, akairudisha kwenye ala. "Na hii?"

"Ni ya babu."

"Babu yuko wapi?"

"Alifariki."

"Basi haihitaji tena."

Abiria wengine kwenye matatu walicheka, na mimi pia nilicheka kidogo, maana ukisimamishwa na polisi unacheka wanapocheka. Sime ikabaki kituoni. Nikafika nyumbani na kipande cha mti.

Nilikuwa natoka Kona Baridi. Kama hujafika, ni pale kwenye barabara ya Magadi, ukishapita Kiserian, lami inapopanda bega la Milima ya Ngong halafu ghafla ardhi inaisha. Mbele yako kuna Bonde la Ufa lote, kahawia na buluu, na upepo wa pale haukuulizi kama umebeba sweta. Wasee wa Nairobi husimama hapo kupiga picha na kula nyama choma. Sisi hushuka hapo kwa ajili ya koko, nyanya yangu, ambaye boma lake liko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabarani.

Jumamosi ile nilienda moja kwa moja kutoka mazoezini, ndiyo sababu bokuto ilikuwa begini. Nilimkuta koko amekaa nje ya nyumba. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini. Hakuniuliza habari za kazi wala kama nimepata mchumba, na hapo nikajua kuna jambo.

"Ingia ndani," alisema. "Chini ya kitanda kuna kile kitu cha babu yako. Kitoe, uondoke nacho."

Hadithi yenyewe niliipata vipande vipande. Sehemu ya ardhi ya ukoo imeuzwa, kama ardhi nyingi za Kajiado zinavyouzwa siku hizi, na mnunuzi ameanza kuizungushia waya. Binamu yangu Lemayian, mwenye miaka 19, alienda kuuliza kwa nini nguzo zinachimbiwa kwenye njia ya ng'ombe. Mmoja wa vijana wa kuchimba akamjibu vibaya. Lemayian akarudi nyumbani bila kusema neno, akaingia kwa koko, akatoka na sime. Hakumkata mtu. Alisimama tu mbele ya wale vijana, chuma kimechomolewa, mpaka mjomba alipomfuata akamwondoa pale. Vijana wa nguzo ni watoto wa watu, wanalipwa kwa siku. Wangekufa kwa sababu ya waya wa mtu ambaye hata hawamjui.

"Anaishika kama anaenda kukata kuni," koko aliniambia. "Hajui ni kitu gani."

"Sasa mbona unanipa mimi?"

"Kwa sababu wewe ni msichana. Mkononi mwako hiyo ni mzigo tu."

Nimeishi na sentensi hiyo kwa miezi sasa. Na ile ya askari. Mmoja aliona mti wa Kijapani akaona mchezo, akaona sime akaona hatia. Mwingine aliona mjukuu wa kiume na sime akaona msiba, akaona mjukuu wa kike na sime ileile akaona mzigo. Nilitaka kuelewa ni nini hasa kinachoifanya silaha iwe silaha, kwa hiyo nikaanza kusoma na kuuliza wazee.

*

Tuanze na chuma chenyewe. Kwa Kimaa sime huitwa olalem. Ni upanga mfupi wenye makali pande zote mbili, mwembamba karibu na mpini, ukipanuka kuelekea ncha kama jani. Uzito wake uko mbele, kwa hiyo ukiuangusha unakwenda wenyewe. Mpini umevikwa ngozi na hauna kikinga cha mkono. Nyingi za siku hizi zimefuliwa kutoka springi za magari makuukuu. Babu aliitumia ya kwake kuchinja, kuchuna ngozi, kukata matawi ya miiba ya kuzungushia boma. Sikuwahi kumwona akimwelekezea mtu, hata kwa mzaha.

Mkuki, eremet, una sehemu tatu: ulimi mrefu wa chuma juu, mti mfupi wa kushikia katikati, na mchi mrefu wa chuma chini. Huo wa chini ndio unaochomekwa ardhini. Zamani mkuki uliosimama nje ya nyumba ulikuwa kama kubisha hodi kwa kudumu: mtu wa rika fulani yumo ndani, na anayepita anaelewa.

Ngao, elongo, ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati na kuchorwa kwa rangi, hasa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo, sirata, haikuwa mapambo ya kujichagulia. Aliyejua kuisoma aliweza kutambua ni vijana wa wapi na wa rika gani wanaokuja, kabla hata sura zao hazijaonekana. Zilikuwepo alama za ushujaa ambazo hukuruhusiwa kujichorea mpaka wenzako wakubali kwamba umezistahili.

Halafu kuna rungu, orinka, la mti mgumu wenye nundu upande mmoja. Hilo unalijua. Jambo ambalo mimi sikulijua ni kwamba kiongozi wa rika, olaiguenani, hukabidhiwa rungu jeusi la cheo, na akishakabidhiwa hilo, kazi yake inakuwa kuzuia vita vingi kuliko anavyoanzisha. Anasema kwa niaba ya rika lake, anawatuliza wenzake, anajibu kwa wazee wanapokosea. Rungu lenye hadhi kubwa kuliko yote halipigi mtu.

Na nani aliyefua vyuma hivi vyote? Ukoo wa wahunzi, ilkunono. Hapa ndipo historia yetu inapoanza kuuma. Wahunzi walihitajiwa na kila mtu lakini walidharauliwa. Wamaasai wengine hawakuoana nao, na boma lao lilikaa kando. A. C. Hollis, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wamaasai mwaka 1905, aliandika kwamba mtu aliyepokea mkuki kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza, ili asishike moja kwa moja kilichoshikwa na mhunzi. Walimwaga damu kwa chuma, kisha wakamwona aliyekifua ndiye mchafu.

Japani ilikuwa kinyume. Huko mfua panga aliheshimiwa kama kuhani. Alivaa nyeupe, akafunga kamba takatifu kwenye karakana yake, akajitakasa kabla ya kuwasha moto. Jina lake lilichongwa kwenye shina la upanga, ndani ya mpini, na mengine yanakumbukwa hadi leo baada ya miaka mia saba. Sisi tuna sime na mikuki katika makumbusho ya dunia nzima na sijaona hata moja yenye jina la aliyeifua. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwetu tulisifu vilivyoelea tukamsahau aliyeviunda.

*

Lakini kuna jambo ambalo Wamaasai walilifanya vizuri kuliko karibu watu wote niliowasoma: waliipa silaha umri.

Kijana hakuzaliwa na haki ya mkuki. Kwanza ilikuja enkipaata, sherehe ya kuliandaa rika. Kisha tohara, kisha umorani, miaka ya silaha, ambapo kijana aliishi na wenzake, akala na wenzake, hakuruhusiwa hata kula peke yake. Baadaye Eunoto, pale mama anapomnyoa mwanawe zile nywele ndefu za umorani. Katika sherehe hiyo ya kunyolewa morani hawabebi silaha, hata fimbo. Na mwisho Olng'esherr, sherehe ya kula nyama, ambayo inafunga umorani na kufungua uzee. Kuanzia hapo nguvu yako iko mdomoni, kwenye kikao.

Usidhani haya ni mambo ya kwenye picha za zamani. Septemba 2020, katikati ya korona, Wamaasai wa Matapato walikusanyika kwenye vilima vya Maparasha, hapahapa Kajiado, kwa Olng'esherr ya kuunganisha marika ya Ilpaamu na Ilaitete. Miaka miwili kabla, 2018, UNESCO ilikuwa imeziingiza sherehe hizi tatu kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Dharura, maana yake zinapungua.

Sitaki kupaka asali. Vijana waliokuwa kwenye umri wa silaha waliiba ng'ombe za jirani na kuua. Mama zangu wa upande wa baba ni Wakamba, na hadithi zao kuhusu morani si hadithi za picha za kalenda. Lakini mfumo wenyewe ulikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Silaha ilikujia siku fulani mbele ya watu, na siku nyingine mbele ya watu haohao uliiweka chini. Anayekupa na anayekupokonya ni jamii yako.

*

Sasa nikupeleke Japani kidogo, maana ndiko upanga wangu wa mbao unakodai ukoo.

Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe panga, mikuki na bunduki. Tangu hapo silaha ikawa alama ya tabaka, na katika karne zilizofuata samurai ndiye aliyetembea na panga mbili kiunoni, ndefu na fupi. Kwa zaidi ya miaka 200 nchi ilikaa bila vita vikubwa. Samurai wengi waliishi na kufa bila kuingia vitani. Walibaki na upanga na muda mwingi, wakautumia muda huo kufundisha.

Kisha, Machi 1876, serikali mpya ya Meiji ikapiga marufuku kubeba panga hadharani isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa katika shughuli maalumu. Mwaka uliofuata samurai wa Satsuma waliasi, na jeshi la vijana walioandikishwa kutoka vijijini, wana wa wakulima waliofunzwa bunduki kwa miezi, likawashinda.

Kuanzia hapo upanga ulikuwa na njia mbili: kufa au kubadilika. Mwaka 1882 mwalimu kijana, Kano Jigoro, alichukua mbinu za mieleka ya samurai, akaondoa zilizovunja watu, akaanzisha shule ya Kodokan na mchezo aliouita judo. Zamani mbinu hizo ziliitwa jutsu, yaani ufundi. Yeye alitumia neno do, yaani njia. Waliofundisha upanga wakaelekea hukohuko, na ndiyo sababu leo kuna kendo, njia ya upanga, inayochezwa kwa fimbo ya mianzi iitwayo shinai. Okinawa nako fimbo ndefu, tonfa, nunchaku na hata mundu vikaingia darasani. Mundu huo kwa Kijapani unaitwa kama, jina ambalo lilitufanya tucheke darasani wiki nzima: "Kama iko wapi?" "Kama ipi?" Na mfululizo wa hatua unazorudia mara elfu bila mpinzani unaitwa kata. Kwetu kata ni amri ya kutenganisha kitu. Kwao ni kurudia mpaka mkono ujifunze kutokata ovyo.

Wanawake pia wana sehemu. Naginata, mti mrefu wenye upanga mwishoni, ilikuja kuhesabiwa silaha ya kike. Mwaka 1868, katika vita vya Aizu, mwanamke wa miaka 21 aitwaye Nakano Takeko aliongoza kikosi cha wanawake wenye naginata dhidi ya askari wa bunduki, akapigwa risasi kifuani akafa. Sijui koko angesema nini kumhusu. Mzigo tu?

Wala Japani si malaika. Katika miaka ya 1930 ileile njia ya upanga iliingizwa shuleni kuandaa watoto kwa vita, wasichana wakiwa na naginata zao, na maofisa wa jeshi walibeba panga hadi China, ambako hazikuwa za maonyesho. Baada ya kushindwa mwaka 1945, Wamarekani walikusanya panga nyingi sana na mafunzo ya silaha yakasimamishwa shuleni. Wajapani wakaanza tena kwa adabu. Mwaka 1948 kikaundwa chama cha kuhifadhi panga kama kazi za sanaa. Mwaka 1952 likaundwa shirikisho la kendo. Leo upanga wa kweli huko una hati ya usajili, na ukikutwa nao njiani bila sababu ya maana unashikwa. Kwa hiyo tuwe wakweli: hata Tokyo ningesimamishwa na sime ya babu. Tofauti ni kwamba kwao kungekuwa na karatasi inayosema hiki ni kitu gani, na watu wanaojua kuisoma.

*

Kwetu nako bunduki ilifika. Novemba 1895, kwenye Bonde la Kedong, msafara wa zaidi ya watu 1,000, wengi wao Wakikuyu na baadhi Waswahili, uligombana na Wamaasai, na morani waliua mamia. Mfanyabiashara mmoja, Andrew Dick, akawafuata na bunduki. Inasemekana aliua karibu 100 kabla hajachomwa mkuki. Serikali ilichunguza ikaona msafara ndio ulioanza uchokozi. Lakini wazee walikuwa wameshapiga hesabu: mtu mmoja, bunduki, mia moja.

Mwaka 1904 ukasainiwa mkataba ulioondoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa. Mwaka 1911 mwingine ukawaondoa Laikipia na kuwaleta kusini, huku kwetu. Na hapa kuna jambo ambalo shuleni sikufundishwa vizuri. Watu ambao ulimwengu uliwajua kwa mkuki hawakujibu kwa mkuki. Walichanga pesa wakaajiri wakili. Kesi ya Ole Njogo ya mwaka 1913 iliishtaki serikali kuhusu ardhi. Walishindwa kwa sababu majaji walisema mkataba ule ulikuwa kati ya mataifa mawili, na mahakama haina mamlaka juu yake. Yaani Wamaasai walikuwa taifa huru siku moja tu, ile ya kushindwa kesi.

Serikali ya kikoloni haikukomea kwenye ardhi. Ilijua kwamba nguvu haikuwa kwenye chuma pekee. Ikaufuata umorani wenyewe: manyatta za vijana, muda wa umorani, mikuki na ngao. Mwaka 1918, upande wa Narok, walipolazimishwa kuingia jeshini, morani walipambana na askari wa KAR, wakauawa. Baada ya hapo presha iliongezeka. Ngao ndizo zilizopotea kabisa. Hakuna mtu anayeenda kwa jirani leo na ngao ya nyati.

Na zilikwenda wapi? Angalia bendera. Desemba 12, 1963, ngao ileile ya Kimaasai, na mikuki miwili nyuma yake, ilipandishwa juu ya nchi nzima. Kila ofisi ya chifu inayo. Kila kituo cha polisi kinayo, kikiwemo kile kilichobaki na sime ya babu. Rungu nalo likapanda cheo. Rais Moi alitembea nalo kwa miaka 24, watu wakaliita fimbo ya Nyayo, na alipozikwa Kabarak Februari 2020 mwanawe Raymond alimkabidhi ndugu yake Gideon mbele ya umati. Huo ulikuwa utawazo, na hakuna aliyehitaji kuelezewa.

Rungu hilohilo likashuka pia. Liko mkononi mwa polisi wa kutuliza ghasia. Liko kwa bawabu wa Kimaasai anayelinda geti la apatimenti usiku, Kitengela, Dar es Salaam hadi Zanzibar, akilipwa kwa sifa ya babu zake. Liko kwenye meza za watalii, limevishwa shanga, jepesi hata kuku hafi.

Basi hilo ndilo ninaloliona nikiweka hadithi mbili kando kwa kando. Silaha zote mbili zilishindwa na bunduki. Wajapani, kwa uamuzi wao na kwa kujikwaa, waliipeleka silaha darasani. Sisi yetu ilipelekwa benderani, sokoni na getini. Ilibaki kila mahali isipokuwa mahali pa kufundishiwa. Wala si kwamba hatukuwa na "njia". Enkipaata hadi Olng'esherr ilikuwa njia, ndefu kuliko mkanda mweusi wowote. Iliyokatwa ni njia, chuma kikaachwa chini ya kitanda. Lemayian ameenda shule ya bweni, kisha bodaboda. Hakunyolewa na mama yake mbele ya rika. Alirithi sime bila ile miaka inayokuja nayo, na siku alipoguswa alifanya ambacho mtu yeyote hufanya na kitu asichokijua: alikikamata kwa nguvu.

*

Kuna waliojaribu kuirudisha njia, na wako Kajiado hiihii. Tangu mwaka 2012, huko Kimana karibu na Amboseli, hufanyika Olimpiki ya Wamaasai. Wazo lake ni kwamba vijana waonyeshe ushujaa bila kuua simba. Wanashindana kukimbia, kuruka juu, kurusha mkuki na kurusha rungu, na David Rudisha, aliyewahi kuwa bingwa wa mita 800 duniani, amekuwa balozi wake. Wasichana nao hukimbia. Nilipomtumia Lemayian video alijibu kwa emoji ya kucheka. Dakika kumi baadaye akauliza, "Wanaingiaje?"

Sime tuliipata. Mjomba aliandikiwa barua na chifu, tukaenda kituoni wawili, mimi nikiwa nimevaa sketi ndefu kama naenda kanisani. Afisa wa zamu alisoma barua, akafungua kabati, akaitoa ikiwa bado ndani ya shuka. Nilinyoosha mkono. Akampa mjomba. Huko nje, chini ya bendera, mjomba aliitazama, halafu akanigeuzia mpini.

"Ishike vizuri," alisema. "Wewe ndiye uliyepokonywa. Wewe ndiye uirudishe."

Tulipanda hadi Kona Baridi. Upepo ulikuwa ule ule. Lemayian alikuwa anatusubiri barabarani na pikipiki yake, hataki kuniangalia usoni. Koko aliipokea sime, akaiweka magotini, akamwita mjukuu wake wa kiume. Alimwambia hatapewa. Si mwaka huu. Ataanza kwa kukaa na mjomba kwenye vikao vya ardhi, asikilize, anyamaze, abebe viti. Watu wenye wakili wamekubali kuketi kuhusu ile njia ya ng'ombe, na mtu wa kuandika yanayosemwa anahitajika. Jina langu likatajwa kwa hilo. Sikuwa nimeulizwa.

Kabla sijaondoka Lemayian aliomba kuona ule upanga wa mbao. Aliuzungusha mara mbili, akaupiga hewani.

"Ni mti tu," alisema.

"Ndio. Sasa usimame hapa," nikamwambia, "na ufanye hivyo mara mia moja bila kunigusa."

Alifika kumi na nne.